Saa Tisa Usiku, Seva Inajisasisha

Kwenye mfumo wa FreeBSD kuna faili liitwalo /etc/crontab, na ndani yake mna mstari unaoagiza kazi za kila siku zianze saa tisa na dakika moja usiku. Mstari huo huja na mfumo wenyewe. Saa hiyo mashine hukagua nafasi iliyobaki kwenye diski, hutazama kama kuna programu iliyopewa mamlaka makubwa ambayo jana haikuwa nayo, kisha humwandikia msimamizi barua ya kumweleza ilichokiona. Kusasisha msimbo wa mfumo hakumo. Waliopanga ratiba waliliacha jambo hilo kwa kila mwenye mashine, na wenye mashine wameliongeza wenyewe kwa zaidi ya robo karne, kila mmoja kwa skripti yake, nyingi zikiwa zimenakiliwa kwa jirani bila kuulizwa maswali.

Swali lenyewe huulizwa kana kwamba ni moja: je, mashine iachiwe kujisasisha usiku? Ukilichambua unakuta ni matatu. Kuna kuleta msimbo mpya kutoka kwenye ghala la mradi. Kuna kuukompaili uwe programu inayoweza kuendeshwa. Na kuna kuisimika programu hiyo mahali pa ile ya zamani na kuiwasha. Kila moja lina gharama yake, hatari yake na saa inayolifaa. Kwa maoni yangu la kwanza halihitaji usiku tena, la pili ndilo lenye haki ya usiku, na kwa la tatu usiku ni wakati mbaya kuliko wote. Desturi ya kuyafunga matatu hayo ndani ya skripti moja ya saa tisa tumeirithi kutoka enzi ambayo mtandao ulikuwa ghali na wasimamizi walikuwa wachache.

Cron, mtunza ratiba wa Unix, ilikuwamo katika Toleo la 7 la mfumo huo mwaka 1979, na sifa ya kuiandika hupewa Brian Kernighan wa Bell Labs. Ilikuwa programu ndogo mno. Kila dakika iliamka, ikasoma faili moja tu la ratiba, ikatazama kama kuna kazi ya dakika hiyo, ikaifanya kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, ikalala tena. Crontab ya kila mtumiaji ilikuja baadaye, katika System V, na toleo ambalo wengi hulitumia leo, au vizazi vyake, liliandikwa na Paul Vixie mwaka 1987. Katika safari yote hiyo wazo halikubadilika: nafasi tano za dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki, kisha amri. Cron haijui kazi yenyewe ni nini. Haijui kama ya jana ilifanikiwa. Haijali kama mashine ilikuwa imezimwa saa ilipofika. Sehemu kubwa ya matatizo ya usiku hutoka katika kutojua huko.

Upande wa pili wa kamba ni ghala. Programu ya kwanza mashuhuri ya kutunza historia ya msimbo, SCCS ya Marc Rochkind, ni ya mwaka 1972. RCS ya Walter Tichy ikafuata 1982. Na mwaka 1986 Dick Grune akaitoa CVS kama mkusanyo wa skripti za sheli zilizokaa juu ya RCS. NetBSD na FreeBSD zilipozaliwa mwaka 1993 zililelewa na CVS, na OpenBSD baada yao ikafungua ghala lake la CVS kwa yeyote alisome bila nenosiri, jambo ambalo siku hizo lilikuwa geni. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida, asiye mwanachama wa mradi, aliweza kuwa na nakala ya msimbo wa mfumo mzima, na kuamka asubuhi akiwa na mabadiliko ya jana.

Tabu ilikuwa kwamba CVS hutembea saraka moja moja. Kwa kila saraka mteja na seva huulizana: una nini, nina nini, nipe kilichobadilika. Msimbo wa mfumo kamili una makumi ya maelfu ya mafaili, na kwenye laini yenye mwendo wa kobe kila swali husubiri jibu lake kabla swali linalofuata halijatoka. Mwaka 1996 John Polstra alitoa CVSup, iliyovunja utaratibu huo. Maswali na majibu yalipita kwa mkondo, pande zote mbili kwa wakati mmoja, bila kusubiriana, na faili lililobadilika halikutumwa lote bali kipande kilichobadilika tu. Polstra aliiandika kwa lugha ya Modula-3, uamuzi uliomletea sifa na lawama kwa pamoja. Programu ilikuwa na kasi ya ajabu, lakini ili kuijenga ulihitaji kompaila ambayo karibu hakuna mtu mwingine aliyeitumia, na kwenye aina fulani za mashine haikupatikana kabisa. Ndiyo maana Maxime Henrion aliiandika upya kwa C, akaiita csup, na mwaka 2006 ikaingia ndani ya FreeBSD yenyewe. CVSup ilikuwa pia na dirisha zuri la picha, kwa hiyo miongozo ya kuiendesha kutoka cron ilimkumbusha msomaji aongeze -g, ili programu isitafute skrini usiku wa manane.

Kwa nini usiku? Mchana laini ya ofisi au chuo ilikuwa ya watu. Usiku ilibaki tupu. Afrika Mashariki hali hiyo ilidumu kuliko kwingi. Hadi kebo ya SEACOM ilipofika pwani yetu mwaka 2009, ikifuatwa na TEAMS mwaka huohuo na EASSy mwaka 2010, mawasiliano na dunia yalipitia zaidi kwenye setilaiti, kwa bei ya kutisha, na mtu mwenye akili aliyataka mafaili makubwa baada ya wenzake kwenda kulala. Hata leo kampuni za simu huuza vifurushi vya usiku kwa bei nafuu kuliko vya mchana. Mantiki ya saa tisa haikuwa upuuzi hata kidogo.

Ila mantiki hiyo ilikuwa ya kila mtu. Ukiwaambia maelfu ya wasimamizi wachague saa tulivu, wengi watachagua saa kamili, na seva ya mradi itakaa bure kwa dakika hamsini na tano kisha ipigwe na umati kwa tano zilizobaki. Colin Percival, aliyeiandika portsnap, chombo cha kuleta mkusanyo wa programu za nje za FreeBSD, alilitatua jambo hili kwa ujanja mwepesi. Portsnap ilikuwa na amri ya pekee kwa ajili ya cron: ikiitwa, kwanza hulala kwa muda wa kubahatisha kati ya sekunde 1 na 3,600, ndipo huanza kupakua. Freebsd-update inayo amri kama hiyo. Systemd kwenye Linux ina RandomizedDelaySec kwa kazi ileile, na cron ya FreeBSD yenyewe inaweza kuambiwa icheleweshe kazi kwa sekunde chache za kubahatisha. Kwa wasomaji wa ukanda wetu kuna jambo la kuongeza. Saa tisa kamili ya usiku Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ndiyo saa sita kamili ya usiku kwa saa za UTC, dakika ambayo seva nyingi za dunia zilizowekwa kwenye UTC huanza kazi zao za siku. Mtu anayedhani amechagua saa ya upweke amejitosa katikati ya soko. GitHub wenyewe wanatahadharisha kwamba kazi za ratiba kwenye mtambo wao huweza kuchelewa wakati wa msongamano, hasa mwanzoni mwa saa. Chagua dakika ya 17 au ya 43, haina gharama.

Tukiwa bado kwenye saa: nchi zetu hazisogezi saa mbele wala nyuma, kwa hiyo msimamizi wa hapa husahau kwamba wengine hufanya hivyo. Akikodi seva Ujerumani na kuiacha kwenye saa za Berlin, kazi aliyoipanga kwa saa nane na nusu usiku itafika usiku mmoja wa mwisho wa Machi ambapo saa hiyo haipo kabisa, na usiku mmoja wa mwisho wa Oktoba ambapo inakuja mara mbili. Baadhi ya matoleo ya cron yamefundishwa kulishughulikia hilo, mengine la. Dawa ni kuiweka seva kwenye UTC na kufanya hesabu ya saa tatu kichwani.

Saa ilishawahi kuwakwaza hata mafundi wa kasi. Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na tarehe 9 Septemba 2001 hesabu hiyo ilivuka bilioni moja, ikapata tarakimu ya kumi. Kwetu ilikuwa karibu saa kumi na moja kasorobo alfajiri. CVSup ilikuwa na kasoro iliyosubiri tarakimu hiyo ijitokeze, na watumiaji walihimizwa wapate toleo jipya.

Kilichobadilisha hesabu ya usiku ni Git. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, baada ya mradi wake kupoteza matumizi ya bure ya BitKeeper, programu iliyotunza historia ya msimbo huo kabla yake. FreeBSD ilichelewa: msimbo wa mfumo wa msingi ulihamia Subversion mwaka 2008, kisha Git Desemba 2020, na mkusanyo wa programu za nje ukafuata Aprili 2021. Kwa mtu anayesasisha kila siku, tofauti si ndogo. Git haitembei saraka. Mteja na seva hulinganisha majina marefu ya hashi ya vilele vya matawi. Yakifanana, mazungumzo yameisha baada ya data kidogo sana. Yasipofanana, seva hufunga kifurushi kimoja chenye vitu visivyokuwapo upande wa pili. Nakala ya kwanza ya ghala zima ni kubwa, lakini baada ya hapo kuleta mabadiliko ya saa moja ni kazi ndogo kiasi kwamba kuisubirisha hadi usiku hakuna maana. Ilete kila saa ukipenda. Zaidi ya hayo, Git imetenganisha matendo ambayo CVS na CVSup ziliyaunganisha: git fetch huleta mabadiliko na kuyaweka ndani ya ghala bila kugusa hata faili moja unalolifanyia kazi. Git pull ndiyo huleta na kuchanganya papo hapo. Katika skripti isiyo na mtu wa kuitazama, git pull tupu haifai. Au utumie fetch peke yake, au uongeze --ff-only, ili nakala yako ikiwa imeachana njia na ya mradi kazi ikatae, isijiamulie namna ya kuzipatanisha.

Hapo ndipo watu husema jambo limekwisha, mstari mmoja wa crontab unatosha. Mstari huo ukiuandika mchana kwenye terminali unafanya kazi. Usiku haufanyi. Sababu ya kwanza, na ya kawaida kuliko zote, ni kwamba cron haikupi mazingira uliyoyazoea. Orodha ya saraka za kutafutia programu ni fupi, sheli ni /bin/sh ya kawaida, na yote uliyoyaandika katika faili lako la kuanzia hayasomwi. Git iliyosimikwa kwenye /usr/local/bin huenda isionekane kabisa. Sababu ya pili ni alama ya asilimia, ambayo ndani ya crontab humaanisha mstari mpya. Mtu anataka logi yenye jina la tarehe, anaandika date +%F, na amri yake inakatwa katikati bila yeye kujua. Ya tatu ni funguo: mchana kuna wakala wa SSH anayeshika ufunguo wako uliofunguliwa, usiku hayupo. Kwa ghala la umma dawa ni kusoma kupitia HTTPS, bila ufunguo wowote, na kuinyima Git ruhusa ya kuuliza maswali kwa GIT_TERMINAL_PROMPT=0.

Ya nne ilizuka Aprili 2022. Baada ya udhaifu uliopewa namba CVE-2022-24765, Git ilianza kukataa kufanya kazi ndani ya ghala linalomilikiwa na mtumiaji mwingine. Lilikuwa badiliko la haki, lakini skripti zilizokuwa zikiendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu juu ya saraka za watu wengine zilisimama ghafla. Wengi walijibu kwa kuiambia Git iamini kila saraka, yaani waliuondoa ulinzi badala ya kurekebisha kosa lililofichuliwa, ambalo ni kumtumia mtumiaji mkuu kwa kazi isiyomhitaji. Kupakua msimbo hakuhitaji mamlaka yoyote. Itengenezee kazi hiyo mtumiaji wake, mpe saraka yake, basi.

Ya tano ni kazi mbili kukutana. Laini ikiwa mbaya, kazi ya saa hii inaweza kuwa bado inaendelea ya saa ijayo inapoanza, na zote mbili zikavamia saraka moja. FreeBSD ina lockf na Linux ina flock kwa ajili ya kufuli:

17 * * * * lockf -s -t 0 /home/msimbo/kufuli /home/msimbo/leta.sh

Hapo kazi ya pili ikikuta mlango umefungwa inaondoka kimya, bila kusubiri. Ukimya huo una maana yake, na nitaurudia sasa hivi. Ya sita nitaitaja tu: cron hailipi deni. Ofisi nyingi huzima mashine jioni, na umeme nao huwa na mambo yake, na kazi iliyopitwa na saa yake imepotea hadi kesho. Anacron, na mpangilio wa Persistent katika systemd, hukumbuka kazi iliyokosekana na kuifanya mashine ikiwaka.

Sasa ukimya. Desturi ya cron ni kutuma kwa barua chochote ambacho kazi imekichapisha, na wasimamizi wakichoshwa na barua hizo huelekeza kila kitu /dev/null. Kutoka hapo kazi iliyofanikiwa na iliyokufa mwezi uliopita zinafanana kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipatwa na hitilafu kwa wakati mmoja na intaneti ikadorora kutoka Kenya hadi kusini mwa bara. Kazi za kuleta msimbo usiku ule huenda zilishindwa kwa wingi, na hakuna ubaya. Laini ikirudi, kazi kama hizo hujiponya. Hatari ni ile inayoshindwa kila usiku kwa sababu ndogo, kama diski iliyojaa au cheti kilichokwisha muda, na mwenyewe anaendelea kuamini msimbo wake ni wa jana. Kwa hiyo usitegemee taarifa ya kushindwa, maana kilichokufa hakitumi taarifa. Skripti ikifanikiwa hadi mwisho iguse faili la alama. Na kazi nyingine tofauti, ikiwezekana kwenye mashine nyingine, itazame umri wa faili hilo na ipige kelele likizidi siku mbili. Hii ndiyo sehemu ninayoiona muhimu kuliko zote za ufundi, na ndiyo inayokosekana katika skripti nyingi zinazozunguka.

Kuna swali kubwa zaidi, la uaminifu. Unapoleta msimbo kila usiku bila kuusoma, unamwamini nani hasa? Novemba 2003 mtu aliingia kwenye seva iliyokuwa na nakala ya CVS ya msimbo wa Linux akaongeza mistari miwili ndani ya kazi iitwayo wait4. Ilionekana kama ukaguzi wa makosa, lakini mahali pa alama mbili za usawa, zinazolinganisha, aliweka moja, inayobadilisha, na mtu aliyeita kazi hiyo kwa namna fulani angegeuka mtumiaji mkuu. Iligunduliwa upesi kwa sababu ghala halisi lilikuwa BitKeeper, na nakala ya CVS haikulingana nalo. Aliyekuwa akivuta kutoka CVS usiku ule asingekuwa na njia ya kujua. Mwaka 2012, pengine tangu Septemba, mtu aliyepata ufunguo wa SSH wa msanidi mmoja aliingia kwenye mashine mbili za mradi wa FreeBSD. Iligunduliwa Novemba 11. Ghala la msimbo wa msingi halikuguswa, lakini tukio hilo liliumaliza wakati wa CVSup, ambayo haikuwa na saini ya kuthibitisha kwamba kilichofika kilitoka kweli kwa mradi. Mradi uliwahimiza watumiaji wahamie Subversion, freebsd-update na portsnap, na mapema mwaka 2013 mkusanyo wa programu za nje haukupelekwa tena kwenye CVS. Machi 2021 ilikuwa zamu ya PHP: mabadiliko mawili yenye mlango wa nyuma yaliingizwa kwenye seva yake ya Git kwa majina ya wasanidi wake Rasmus Lerdorf na Nikita Popov, ambao hawakuyaandika.

Kisha xz. Machi 29, 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akichunguza kwa nini SSH inachelewa kidogo, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya maktaba hiyo ya kubana data yana mlango wa nyuma, uliowekwa na mtu aliyejijengea imani katika mradi kwa muda mrefu. Tukio hili linavuta pande mbili. Walioathirika walikuwa wale wa mbele, watumiaji wa matoleo ya Linux yanayosasishwa upesi: Debian sid, Fedora Rawhide, openSUSE Tumbleweed. Matoleo tulivu, ambayo yangeupata msimbo huo miezi mingi baadaye, hayakuguswa. Kuchelewa kuliwaokoa. Lakini kipande cha mwisho kilichoiwasha sumu hiyo kilikuwa ndani ya mafurushi ya toleo tu, hakikuwa ndani ya ghala la Git, kwa hiyo aliyejijengea moja kwa moja kutoka ghala hakujenga mlango huo. Somo la kwamba usasishaji wa haraka ni mbaya halipatikani hapo kirahisi, wala la kwamba ni mzuri. Git inathibitisha kwamba ulichonacho ni kile seva ilichokupa. Saini inathibitisha nani alikitoa. Hakuna kinachothibitisha nia. Kitu pekee kinachopunguza hatari ya nia ni muda, yaani siku chache kati ya msimbo kufika kwako na kuanza kutumika, ambamo macho ya watu wengi hupata nafasi ya kuona.

Ndiyo maana nasisitiza kutenganisha. Kukompaili ni kazi ya processa. Kujenga FreeBSD yote kwa make buildworld na make buildkernel humaliza pumzi ya mashine ya kawaida kwa saa kadhaa, na usiku hakuna anayeilalamikia. Ikishindikana, hakuna kilichoharibika: mfumo unaoendelea kufanya kazi haujaguswa, na umepata habari mapema kwamba msimbo wa leo hauko sawa. Linux imejenga taasisi nzima juu ya wazo hili. Tangu Februari 2008 kuna tawi liitwalo linux-next, lililoanzishwa na Stephen Rothwell, linalokusanya karibu kila siku ya kazi matawi ya wasimamizi wote wa sehemu mbalimbali ili migongano ionekane kabla haijafika kwa Torvalds. Hakuna anayeshauriwa kuliendeshea benki. Kazi yake ni kuvunjika mapema.

Kusimika ni habari nyingine. Ndani ya msimbo wa FreeBSD kuna faili liitwalo UPDATING, ambamo wasanidi huandika mambo ambayo ni lazima mtu ayajue kabla ya kusasisha: mpangilio uliobadilisha jina, hatua inayotangulia nyingine, dereva aliyeondolewa. Limeandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Skripti inayosimika saa tisa usiku imekubali kwamba halitasomwa. Jambo zuri linaloweza kuotomatishwa hapa ni dogo: baada ya fetch, skripti itoe tofauti ya faili hilo peke yake kati ya msimbo uliosimikwa na uliofika, iitume kwa barua, na siku ambayo haina kitu isitume. Barua hiyo itasomwa, kwa kuwa ni fupi na haiji kila siku.

Kuhusu tendo lenyewe, vifaa vya kurudi nyuma vimekuwa vizuri sana. Kwenye mfumo wa mafaili wa ZFS, bectl hutengeneza mazingira mapya ya kuwashia, ukasimika humo, na yakikataa ukarudi kwenye ya zamani. Nextboot huwasha kiini kipya mara moja tu. Kikianguka, mara inayofuata mashine inarudi kwenye kile cha awali. Wapo wanaosema kwamba kwa vifaa hivi mtu hana haja ya kuwapo. Mimi naona kinyume: vifaa hivi vina thamani pale mtu yupo wa kuamua kwamba mambo hayaendi, maana mfumo unaweza kuwaka vizuri huku huduma moja muhimu imekufa. Netflix, ambao seva zao za kusambaza video huendesha FreeBSD karibu na ncha ya maendeleo, huunganisha msimbo mpya mara kwa mara, kisha huupima kabla haujasambaa. Hawa wana wahandisi wa mfumo wenyewe ndani ya nyumba, na bado hawaachii usiku uamue. Ofisi yenye msimamizi mmoja ina sababu zaidi ya kusimika Jumanne saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani na watu wa kupigia simu wakiwa macho.

Je, mtu wa kawaida bado anahitaji kuleta msimbo kabisa? Mara nyingi hapana. OpenBSD inawaambia watumiaji wake wazi kwamba njia ya kupanda toleo ni kwa programu zilizokwisha kujengwa, na kwa miaka sasa syspatch na sysupgrade zimeifanya iwe kazi ya amri moja. FreeBSD nayo inaelekea kuugawa mfumo wa msingi kwa vifurushi vya pkg. Portsnap yenyewe iliondolewa katika toleo la 14, mwaka 2023. Wanaobaki na ratiba ya usiku ni wasanidi, wapimaji, na wale wenye viraka vyao wenyewe: mtoa huduma aliyerekebisha dereva wa kadi ya mtandao, maabara iliyobadilisha kipanga kazi, kampuni inayosubiri kiraka chake kikubaliwe na mradi.

Kwa hawa wa mwisho ratiba ina kazi moja zaidi, na ndiyo ngumu. Tawi la mradi likae safi, lisiguswe na mkono. Viraka vikae kwenye tawi lake, na kila usiku, baada ya fetch, skripti ijaribu kuvihamishia juu ya kilele kipya kwa git rebase, ndani ya saraka ya pembeni iliyotengenezwa kwa git worktree. Ikitokea migongano, iache, irudishe kila kitu kilivyokuwa, na itaje faili lililogombana pamoja na badiliko la mradi lililolisababisha. Mgongano ulioonekana siku ulipozaliwa huwa wa mistari mitano. Ukikaa miezi sita huwa wiki ya kazi. Git ina kumbukumbu iitwayo rerere inayohifadhi namna ulivyopatanisha mgongano fulani na kuirudia ukitokea tena, na inavutia kuiacha ifanye hivyo usiku. Iache, lakini isimalize: ikikuta maandishi yaleyale katika muktadha uliobadilika itapachika jibu la zamani bila kusita, kwa hiyo matokeo yake yakae kwenye tawi la majaribio, yajengwe usiku, na tofauti yake isomwe kabla ya kuunganishwa.